Ufunguo wa Stoo ya Dawa

"Dawa hakuna, kanunue nje." Kauli hii fupi imewatenga watu na zahanati za serikali kuliko umbali wa njia na kuliko nyufa za ukuta wowote. Mtu aliyetoka kitongojini alfajiri, akapimwa na kuambiwa ana malaria, kisha akaelekezwa kwenye duka la dawa muhimu lililo kijiji cha mbali, harudii kosa hilo. Safari ijayo ataanzia dukani, atanunua vidonge kwa kadiri ya hela aliyonayo mfukoni, na zahanati itamwona tena hali ikishakuwa mbaya. Ndiyo maana swali la namna ya kupanga huduma za afya kwa wananchi wa Dodoma na uwanda wa kati halifai kuanza na hesabu ya hospitali. Lianze na stoo ya dawa ya zahanati. Ufunguo wake anao mganga mfawidhi, lakini ufunguo huo unafungua mlango tu. Mambo mengine yamefungwa kwingine: nani anaamua kiingie nini, kinanunuliwa kwa fedha ya nani, na kikikosekana nani anawajibika. Ninavyoisoma historia ya nusu karne ya mkoa huu, huduma zilisonga mbele pale kijiji kilipopewa uamuzi na fedha, huku ngazi za juu zikibaki na kazi ambazo kijiji hakiziwezi: kupatana bei, kupima ubora, kusafirisha mgonjwa mahututi. Zilikwama kila mara mambo yote yalipopandishwa juu, au yote yalipotupwa chini.

Mazingira yenyewe hayana huruma na mpango uliobuniwa mezani. Mkoa wa Dodoma una kilomita za mraba 41,000 na ushei. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 3,085,625, wakati ile ya 2012 ilikuwa imehesabu 2,083,588. Yaani watu milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi. Sehemu ya ongezeko hilo ni la jiji, hasa baada ya serikali kuamua mwaka 2016 kuhamia kweli kwenye makao makuu iliyoyachagua tangu 1973. Lakini nje ya jiji, Chemba, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Chamwino na Kondoa bado ni nchi ya kaya zilizotawanyika, mifugo inayohama na mashamba yaliyo mbali na makazi. Mvua ni ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Kiangazi maji ni ya kutafutwa kwenye visima vya mchanga. Masika makorongo yanajaa na kukata barabara, na kijiji kilichokuwa saa moja kutoka wilayani kinakuwa kisiwa. Zahanati ya huku, basi, inatakiwa iweze kujitegemea kwa wiki kadhaa bila gari la wilaya kufika.

Wazo la zahanati kijijini lina asili yake hapa, nalo halikuja kama zawadi. Operesheni Dodoma ya 1971 iliwahamisha Wagogo kutoka kwenye matembe yao yaliyotawanyika na kuwaweka katika vijiji vya ujamaa, na Mwalimu Nyerere mwenyewe akapiga kambi Chamwino kuusimamia mfano huo. Ahadi iliyotolewa ilieleweka na kila mtu: hameni, mtapata shule, maji na zahanati. Wengine walihama kwa hiari, wengine kwa kusukumwa, lakini wote waliishika ahadi. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wazima wapatao milioni mbili nchi nzima walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili malaria na maji safi, kisha wakachimba vyoo. Ilikuwa serikali ya amri, kweli, ila kwa jambo hilo moja ilimwachia mwanakijiji nafasi ya kujadili kabla ya kushika jembe, na matokeo yalionekana kwa macho. Uchumi ulipoanguka miaka ya 1980, jengo la zahanati lilibaki na ahadi ikatoka ndani yake. Dawa zilikuja kwa makasha yaliyofungwa tayari kwa msaada wa wafadhili, kasha lile lile kwa zahanati ya bondeni na ya mlimani. Za malaria ziliisha katikati ya mwezi, nyingine zikakaa rafuni hadi zikapitwa na muda. Kuanzia 1993 serikali ikaleta uchangiaji wa gharama: mgonjwa alipe, lakini hakuambiwa alicholipa kinakwenda wapi.

Bohari ya Dawa, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka huo huo wa 1993, iliondoa sehemu ya tatizo. Hatua kwa hatua vituo viliruhusiwa kuagiza vinavyohitaji badala ya kupokea kasha. Hata hivyo kuagiza si kupata. Bohari ilipokosa dawa, zahanati ilikuwa na njia moja tu ya halali: kununua kwa wafanyabiashara binafsi kwa taratibu za ununuzi wa umma, yaani kukusanya nukuu za bei kutoka maduka kadhaa, kusubiri idhini ya wilaya, kisha kwenda kuchukua mzigo. Kwa mganga mfawidhi ambaye ndiye pia mpimaji, mtoa chanjo na mtunza rejesta, utaratibu huo ulikuwa sawa na kuambiwa usinunue. Fedha za Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) zilikaa kwenye akaunti ya halmashauri huku rafu zikiwa tupu, na mwanachama aliyelipia kadi akaambiwa kanunue nje kama asiyelipa. Wanaoshangaa kwa nini watu wa vijijini hawakujiunga na CHF kwa wingi, ingawa serikali iliongeza fungu la "tele kwa tele" juu ya michango yao, wanashangaa bure. Mkulima wa karanga wa Mpwapwa anajua kuhesabu. Hawezi kununua mara mbili kitu ambacho hakipo.

Jawabu lililoanza Dodoma mwaka 2014 liliitwa Jazia, na jina lenyewe linaeleza kazi yake: kujazia pale Bohari ilipopungukiwa. Ulikuwa mpango wa mkoa na halmashauri zake, ukisaidiwa na mradi wa Tuimarishe Afya uliofadhiliwa na Uswisi. Badala ya kila zahanati kuhangaika na maduka, mkoa ulitangaza zabuni na kumpata mshitiri mmoja, mfanyabiashara wa dawa aliyesajiliwa, akafungwa kwa mkataba wenye bei zilizopatanwa kwa orodha nzima. Zahanati iliendelea kuagiza Bohari kwanza. Ilichokikosa huko ilikiandika kwenye oda ya pili, wilaya ikaziunganisha oda za vituo vyake, mshitiri akaleta mzigo, na kila kituo kikalipa kwa fedha yake: makusanyo ya papo kwa papo, ya CHF na ya bima ya taifa. Upatikanaji wa dawa za msingi zinazotumika kama kipimo ulipanda mkoani kutoka asilimia 69 mwaka 2014 hadi asilimia 94 mwaka 2018. Morogoro na Shinyanga zikafuata, na mwaka 2018 serikali ikaueneza mfumo huo nchi nzima.

Namba hizo zinasisimua, lakini kinachonivutia zaidi ni mgawanyo wa kazi. Mganga mfawidhi wa kijijini hawezi kupatana bei na msambazaji wa dawa. Akiwa peke yake atauziwa kwa bei ya rejareja na pengine dawa bandia. Mkoa hauwezi kujua kwamba zahanati fulani ya Bahi imemaliza dawamseto za watoto kwa sababu mvua zilitangulia. Jazia iliupa mkoa kile unachokiweza na zahanati kile inachokijua. Zaidi ya hapo, iliipa fedha ya kituo kazi inayoonekana. Mwanakijiji aliyelipa aliona sanduku likishushwa, kamati ya zahanati ikawa na jambo la kukagua, na mkutano wa kijiji ukawa na swali la kuuliza lenye jibu. Ni kweli pia kwamba mambo mengine yalibadilika miaka hiyo. Bajeti ya taifa ya dawa iliongezwa, na kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 ruzuku za mfuko wa pamoja wa wafadhili zilianza kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo bila kusimama halmashauri. Sitasema Jazia peke yake ilijaza rafu zote. Nasema tu kwamba fedha zilipofika kituoni zilikuta mahali pa kutumika, na pasingekuwapo zingelala kama za CHF ya zamani zilivyolala.

Wapo wanaoiona Jazia kama gongo la kutembelea. Kwa nini tumjenge mshitiri, wanauliza, badala ya kuiponya Bohari, taasisi ya umma yenye uwezo wa kununua kwa jumla kubwa na bei nafuu? Hoja ina uzito. Kila shilingi inayokwenda kwa mfanyabiashara ni shilingi ambayo Bohari haikuipata, na mshitiri naye hukosa dawa, huchelewa, huacha oda nusu. Lakini hoja hiyo inasahau mgonjwa wa leo. Bohari imara ni kazi ya miaka, mtoto mwenye homa ana siku mbili. Isitoshe, oda za Jazia ni kioo: zinaonyesha mwezi kwa mwezi ni dawa gani Bohari inaikosa na wapi, taarifa ambayo zamani iliishia kwenye kauli ya kanunue nje. Gongo lisilokubalika ni lile lisilokuambia mguu gani unauma.

Dawa, hata hivyo, ni nusu ya jambo. Nusu nyingine iko nyumbani, na Kongwa ndiko ilikosomwa kwa subira kuliko pengine popote Afrika Mashariki. Kuanzia miaka ya 1980 watafiti wa Kitanzania na wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walifuatilia huko trakoma, ugonjwa wa vikope unaoanza na macho mekundu ya mtoto na kumalizika kwa kope za mama zilizogeukia ndani, zikikwaruza mboni hadi gizani. Nzi, vumbi na uso mchafu ndio wapagazi wake. Ushauri wa kitabibu ulikuwa rahisi mno: mnawisheni mtoto uso. Kwa nini hawanawishwi? Jibu la haraka la ofisini lilikuwa elimu duni. Jibu la vijijini lilikuwa maji. Mama anayetembea saa nzima kwa ndoo moja ana kanuni zake za kuyatumia, na uso wa mtoto haukuwa juu ya orodha. Wataalamu walipokaa na watu, wake kwa waume, wakagundua mambo mawili. Kwanza, kila mtu alidhani kunawisha uso kunahitaji maji mengi kuliko hali halisi, mpaka ilipoonyeshwa hadharani kwamba lita moja inatosha nyuso za watoto zaidi ya kumi. Pili, maji na muda wa mama si mali ya mama peke yake; uamuzi ni wa kaya, wenye mume ndani yake na macho ya majirani nje yake. Kampeni ikaelekezwa kwa kijiji kizima badala ya kumlaumu mama kliniki. Jaribio lililochapishwa 1995, lililolinganisha vijiji vilivyopata marhamu ya macho pekee na vilivyopata marhamu pamoja na kampeni hiyo, lilionyesha trakoma kali ikipungua zaidi katika hivyo vya pili.

Baadaye ikaja azithromisini ya msaada, ambayo Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuigawa kuanzia 1999, na kidonge kikafanya makubwa. Lakini kidonge kinachogawiwa mara moja kwa mwaka kinategemea uso ubaki safi siku nyingine zote, na hilo halina bohari. Hapa ndipo mpango wa afya unapotoka nje ya wizara ya afya. Kisima, umbali wake, na nani anakilipia dizeli ni huduma ya afya Kongwa kuliko ilivyo Moshi.

Somo lilirudi kwa ukali mwaka 2016. Watu wa Chemba na Kondoa, na wa Kiteto upande wa pili wa mpaka wa Manyara, walianza kuugua: tumbo kuuma na kuvimba, kutapika, macho kuwa ya njano. Kwa wiki kadhaa uliitwa ugonjwa usiojulikana. Hadi katikati ya Novemba wagonjwa 68 walikuwa wameorodheshwa na 20 kati yao wamekufa. Vipimo vilionyesha sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizovunwa zikiwa na unyevu au zilizohifadhiwa vibaya. Hakuna hospitali ambayo ingelizuia hilo, maana dawa yake ni turubai la kuanikia, ghala kavu na mtu wa kununua mahindi anayekataa yaliyooza. Serikali ilianzisha baadaye mradi wa taifa wa kudhibiti sumukuvu, na kituo chake kikajengwa Mtanana, Kongwa. Vyema. Ila jambo linalonikera katika kisa kile ni muda uliopita kati ya familia ya kwanza kuugua na mtu wa kwanza kuuliza wanakula nini. Mwenye kujua kwamba kaya tatu za kitongoji kimoja zina macho ya njano ni jirani, si daktari bingwa. Je, jirani huyo ana mahali pa kupeleka habari, na habari hiyo ina mtu wa kuipokea?

Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 unakusudia kujibu swali hilo hilo. Lengo ni wahudumu 137,294 nchini ndani ya miaka mitano, wanaochaguliwa na wananchi wenyewe katika vitongoji na mitaa, wapewe mafunzo ya miezi 6 na posho. Kabla yake kila mradi ulikuwa na mtu wake: wa kifua kikuu, wa malaria, wa lishe, na wafadhili walipofunga mradi mtu huyo aliachwa na baiskeli na fulana. Kuwaunganisha ni busara. Hofu yangu ni posho. Ikitegemea wafadhili, historia ya fulana itajirudia, na ndiyo sababu halmashauri inayopata ushuru wa mazao au wa minada ya mifugo ingefaa iweke fungu lake kwenye mpango wa mwaka mapema, hata kama ni dogo, ili mhudumu awe mtumishi wa kijiji na si mgeni wa mradi.

Pingamizi kubwa kuliko yote linatoka jijini. Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa 2015 kwenye eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, imepandikiza figo tangu 2018 na uloto kwa watoto wenye selimundu tangu 2023. Kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, kuna Mirembe ya afya ya akili yenye karibu miaka mia. Je, tuache kujenga hospitali kubwa kwa sababu zahanati haina vidonge? Sisemi hivyo, na anayesema hivyo hajawahi kuhitaji figo. Wagonjwa wa Singida na Kondoa waliolazimika kusafiri hadi Muhimbili sasa wanaishia Dodoma, na hilo ni haki waliyocheleweshewa. Lakini hospitali kubwa ina tabia ya sumaku. Inavuta bajeti, na zaidi ya bajeti inavuta watu. Tabibu aliyepangiwa Kwamtoro huko Chemba anajua fika jiji liko wapi, na makao makuu ya nchi yamempa sababu mpya ya kuomba uhamisho kumfuata mwenza. Bila nyumba ya mtumishi yenye maji na umeme, mshahara pekee haumzuii. Hospitali bora pia hulemewa na zahanati mbovu: kitanda kilichokusudiwa mgonjwa wa bingwa hulaliwa na malaria iliyochelewa.

Kati ya ngazi hizo mbili kinachohitajika ni barabara ya rufaa, na hapo pamekuwa na hatua ya kweli. Mfumo wa m-mama, ambao Rais Samia aliuzindua kitaifa Dodoma Aprili 2022 baada ya kujaribiwa Shinyanga na Sengerema, unamruhusu mtu yeyote kupiga 115 mjamzito au mzazi anapopata dharura. Gari la wagonjwa lisipopatikana, anatumwa dereva wa jamii mwenye gari lake na kulipwa kwa simu. Tazama mgawanyo ule ule: gari na dereva ni wa kijijini, namba na malipo ni vya juu. Takwimu za taifa za vifo vya uzazi zimeshuka kutoka 556 kwa vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015-16 hadi 104 katika ule wa 2022. Makadirio ya namna hii yana wigo mpana wa makosa, kwa hiyo nisingeapa kwa tarakimu yenyewe. Mwelekeo ndio sina shaka nao.

Basi wapo watakaosema: kamati ya zahanati ni ya kukabidhiwa fedha kweli? Wajumbe wengine hawajui wajibu wao, mwenyekiti ni shemeji wa mtendaji, kumbukumbu za akaunti ni daftari moja lililolowa. Yote hayo hutokea, na mtu mwaminifu hayafichi. Lakini pima njia mbadala. Fedha ilipokaa halmashauri haikuwa salama zaidi, ilikuwa tu mbali zaidi. Ikipotea kijijini, watu wanaona rafu tupu na wanamjua aliyetia sahihi. Ikipotea wilayani, wanachokiona ni rafu tupu tu. Udhaifu wa kamati unatibika kwa mafunzo, kwa mhasibu mmoja anayezungukia zahanati kadhaa, na kwa kubandika ukutani kila robo mwaka kilichoingia na kilichonunuliwa. Umbali hautibiki.

Hayo yanatufikisha kwenye Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge hapa hapa Dodoma Novemba 2023. Lengo lake halina mpinzani mwenye akili. Ila bima hulipa panapotolewa huduma, na huduma inayodaiwa kwa fomu, vipimo na mifumo ya kompyuta hutolewa zaidi mahali penye maabara, intaneti na karani wa madai. Tusipoangalia, kaya ya Chemba itachangia mfuko, na fedha yake itapanda gari kuelekea jijini. CHF iliyoboreshwa, ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, ilikuwa na kasoro ya kifurushi chembamba, lakini ilifundisha jambo: zahanati ilipwe kwa idadi ya watu inaowahudumia, mapema, si kwa fomu za walioshaugua. Na neno mapema hapa lina tarehe. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai, na mara nyingi fedha za robo ya pili hufika vituoni zimechelewa. Mvua ya Dodoma huanza Desemba, na makorongo hayasubiri hundi. Zahanati ya ng'ambo ya korongo inayotaka kuwa na dawamseto, chumvi za kuongezea maji mwilini na vifaa vya kujifungulia hadi Aprili inatakiwa oda yake ya Jazia iwe imelipwa na mzigo umeshushwa kabla ya Novemba kwisha.